Bei ya kahawa ya New York: soko linafungua na kufunga saa ngapi kwa saa za Moshi, na ile namba inasomwaje?

Kihamba_Uru

Habari zenu wakuu. Naomba wenye ujuzi wa masoko wanisaidie, maana mavuno yameanza na maswali yamekuwa mengi.

Niko kwenye bodi ya chama cha msingi huku Moshi Vijijini. Siku hizi kila mwanachama ana simu, na kila simu ina bei ya New York. Mmoja anakuja asubuhi na namba yake, mwingine anakuja jioni na nyingine, na wote wanataka kujua kwa nini mnada wetu haukutoa bei hiyo. Nimejaribu kufuatilia nikakwama. Mtandaoni imeandikwa soko la New York linafunguliwa saa 9:30 asubuhi kwa saa zao. Nimehesabu, nikapata saa 10:30 jioni kwetu. Lakini bei ya kahawa inaanza kutembea kabla ya adhuhuri, na ikifika saa tatu usiku imeshasimama, wakati taarifa ya habari inasema soko la New York bado liko wazi. Sasa tushike lipi?

Halafu hiyo namba yenyewe, tuseme 300, ni ya nini? Ya kilo? Ya ratili? Ya kahawa ya maganda au iliyokobolewa? Na kwa nini programu mbili kwenye simu moja zinaonyesha bei mbili tofauti dakika ile ile? Natanguliza shukrani.

Saa_Mbuyuni

Mkuu Kihamba, hayo ni masoko mawili.

Lile la saa 9:30 ni soko la hisa la New York, la pale Wall Street, linalofunguliwa na kufungwa kwa kengele. Pale zinauzwa hisa za makampuni, kahawa haipo. Arabika, aina ya kahawa tunayolima huku, inauzwa kwenye soko la mikataba linaloitwa ICE Futures U.S. Kinachowachanganya watu ni kwamba yote mawili yana mwenye mali mmoja, kampuni ya Intercontinental Exchange: soko la kahawa ililichukua 2007, la hisa 2013. Mwenye mali ni mmoja, ila kila soko lina saa zake na kanuni zake.

Soko la kahawa linafungua saa 4:15 alfajiri ya New York na kufunga 1:30 mchana wao (saa za kwao nazitaja kwa namba za Kizungu). Wanafungua mapema hivyo ili wafanye kazi pamoja na wanunuzi wa Ulaya, ambao muda huo wako ofisini tayari. Kwa saa zetu, mkuu, lazima ushike ratiba mbili, kwa sababu Wamarekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatusogezi. Mabano ni namba utakayoiona kwenye simu:

Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Novemba tunawatangulia kwa saa saba. Kahawa inafungua saa 5:15 asubuhi (11:15) na kufunga saa 2:30 usiku (20:30). Hisa zinafungua saa 10:30 jioni (16:30) na kufunga saa 5:00 usiku (23:00).

Kuanzia mwanzoni mwa Novemba hadi katikati ya Machi tunawatangulia kwa saa nane. Kahawa ni saa 6:15 mchana (12:15) hadi saa 3:30 usiku (21:30). Hisa ni saa 11:30 jioni (17:30) hadi saa 6:00 usiku kamili.

Kwa hiyo hesabu yako ya 10:30 jioni ni sahihi kabisa, ila ni ya hisa, na ni ya miezi ya saa saba tu. Kwetu kaskazini mabadiliko ya Novemba yanaangukia katikati ya mavuno, ndiyo maana kila mwaka kuna wiki ambayo watu wanaona "soko limechelewa". Halijachelewa. Kosa jingine linalojirudia ni kengele ya simu: mtu anaandika 5:15 akikusudia saa tano na robo asubuhi, simu inamwamsha saa kumi na moja na robo alfajiri. Andika 11:15 au 12:15 kufuatana na majira.

Sikukuu nazo ziandikwe ukutani. New York hawafanyi biashara Mwaka Mpya, Jumatatu ya tatu ya Januari, Jumatatu ya tatu ya Februari, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya mwisho ya Mei, 19 Juni, 4 Julai, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, Alhamisi ya nne ya Novemba na Krismasi. Za tarehe maalumu zikiangukia Jumapili husogezwa Jumatatu. Sikukuu zetu hawazijui: Sabasaba, Nane Nane, 14 Oktoba, 9 Desemba na siku za Idd bei inatembea kama kawaida. Jumatatu ya Pasaka sisi tumepumzika, wao wako kazini. Ukirudi ofisini Jumanne usishangae kukuta bei imeruka.

Tofauti ya mwisho, maana nayo watu huichanganya. Soko la hisa lina kanuni ya kusimama zima: faharisi ya S&P 500, kipimo cha bei za hisa za makampuni makubwa ya Marekani, ikishuka asilimia 7 kutoka ilipofungia jana, biashara husimama dakika 15; ikifika asilimia 13 husimama tena dakika 15; ikifika asilimia 20 siku imekwisha. Ilitokea mara nne Machi 2020. Ukisikia redioni "soko la New York limesimamishwa", wanazungumzia hisa. Kahawa inaweza kuwa inaendelea.

Ratili_na_Kilo

Ndugu yangu hapo juu amemaliza saa. Mimi nichukue namba, kwa sababu ugomvi mwingi kwenye ofisi za vyama unatoka hapo.

300 maana yake ni senti 300 za dola kwa ratili moja (paundi) ya kahawa safi iliyokobolewa. Kilo moja ina ratili 2.2046. Kahawa ya maganda, ile iliyooshwa na kukaushwa mnayoipima kwenye mzani wa chama, haimo kwenye bei hiyo kabisa. Programu nyingine zinaandika 3.00 badala ya 300, ni kitu kile kile kwa dola. Mtu akiisoma hiyo 3.00 kama dola kwa kilo amejipunja zaidi ya nusu. Akiishika bei ya safi na kuipigia maganda, amejiongezea. Yote mawili yanaleta mkulima ofisini akiwa na hasira ya haki kabisa, ila namba aliyoishika si yake.

Mnada wa hapa Moshi hutaja bei kwa dola kwa kilo 50 za kahawa safi. Kilo 50 ni ratili 110.23. Kwa hiyo kanuni ni moja tu: chukua senti za New York, zidisha kwa 1.1023, unapata dola kwa kilo 50. Senti 300 ni dola 330.69. Senti 200 ni dola 220.46. Iandikeni kwa rangi ukutani.

Sasa, ile 300 si bei ya kahawa iliyopo ghalani leo. Ni bei ya mkataba wa kupeleka kahawa katika mwezi fulani ujao. Kuna miezi mitano tu: Machi, Mei, Julai, Septemba na Desemba. Kwenye programu inaandikwa KC ikifuatiwa na herufi ya mwezi: H ni Machi, K ni Mei, N ni Julai, U ni Septemba, Z ni Desemba. KCZ na KCH zinaweza kupishana kwa senti kadhaa, wakati mwingine zaidi ya kumi, na zote ni "bei ya New York ya leo". Anayetaja bei bila kutaja mwezi hajataja bei.

Mkataba mmoja, yaani loti moja, ni ratili 37,500, sawa na kilo 17,010 hivi. Bei hupanda na kushuka kwa hatua ya asilimia tano ya senti moja, na hatua hiyo moja kwa loti ni dola 18.75. Senti nzima ni dola 375 kwa loti. Kahawa inayokubalika ni arabika iliyooshwa na kupimwa na wakaguzi wa soko, kutoka nchi zilizoorodheshwa, nayo hupokelewa kwenye maghala ya bandari za Marekani na Ulaya kama New York, New Orleans, Houston, Miami, Antwerp, Hamburg, Bremen na Barcelona. Tanzania imo kwenye orodha, tena kwa bei kamili bila kuongezwa wala kupunguzwa. Colombia huongezewa senti 4 kwa ratili, Brazil hupunguzwa senti 6. Hili watu wetu wanapaswa kulijua: kwenye kitabu cha soko lenyewe kahawa yetu haidharauliwi.

Kahawa inayofikishwa kweli kwenye maghala hayo ni kidogo sana ukilinganisha na mikataba inayouzwa. Wengi hufunga mikataba yao kabla ya siku ya kupokea. Bei ile inatumika kama rula: kila mtu duniani anapimia kahawa yake kutoka hapo, juu au chini.

Hiyo "juu au chini" ndiyo wafanyabiashara wanaiita difarenshali. AA (daraja la punje kubwa) nzuri ya Kilimanjaro yenye ladha safi kikombeni inaweza kupata nyongeza juu ya New York. Daraja la chini, au AA iliyochacha kwenye matangi, itapata punguzo. Mnunuzi anayeketi mnadani anafanya hesabu kurudi nyuma: New York ya mwezi unaohusika, ongeza au toa difarenshali, toa gharama zake za magunia, usafiri mpaka Tanga au Dar es Salaam, forodha, riba ya benki na faida yake. Kinachobaki ndicho anachotaja.

Mfano wa kufundishia tu, namba nimezitunga: New York Desemba 300, difarenshali punguzo la senti 10, inabaki 290. Mara 1.1023 ni dola 319.67. Gharama za mnunuzi tuseme dola 20 kwa kilo 50. Anataja dola 299.67.

Sasa rudi chamani. Kilo 50 za safi zilitoka kwenye maganda kilo ngapi? Ukobozi ukitoa asilimia 80, ni kilo 62.5, kwa hiyo kila kilo ya maganda imeingiza dola 4.79 kabla ya makato ya ukoboaji, usafiri, ushuru wa halmashauri na michango ya chama. Ukobozi ukitoa asilimia 76, maganda ni karibu kilo 65.8 na kila kilo imeingiza dola 4.55. Senti 24 za dola zimepotea kwa kila kilo, na New York haihusiki. Zimepotea kwa sababu ya kahawa iliyotobolewa na wadudu, buni (kahawa iliyokaushwa bila kumenywa) zilizochanganywa, na maganda yaliyoingia ghalani na unyevu juu ya asilimia 12. Pale ndipo chama kina mkono. Wanaokesha na bei ya simu huku kahawa inanyeshewa kwenye meza za kukaushia wanaangalia upande usiofaa.

Kwa nini programu mbili zinatofautiana? Angalia mambo manne kwa mpangilio huu. Kwanza mwezi wa mkataba. Pili, huduma ya bure huchelewa dakika kumi au zaidi. Tatu, moja inaonyesha biashara ya mwisho na nyingine bei ya kufungia. Bei ya kufungia huwekwa na soko lenyewe kutokana na biashara za dakika chache kabla ya kufunga, kwa hiyo si lazima ilingane na biashara ya mwisho kabisa. Nne, kipimo. Nadra sana ukute sababu ya tano.

Kihamba_Uru

Ubarikiwe sana, na Saa_Mbuyuni pia. Nimeelewa zaidi ya nilivyotarajia. Nina mawili ya nyongeza.

La kwanza: mnada ukianza asubuhi, New York ikiwa bado haijafungua, wanunuzi wanashika bei ipi? La pili: kuna kijana alikuja kwenye mkutano akasema chama chetu kinaweza "kuuza New York" sasa hivi bei ikiwa juu, hata kabla ya kuvuna, tukajikinga na kushuka. Wanachama walipiga makofi. Mimi nina wasiwasi lakini sina hoja.

Mzani_Shanty

La kwanza: asubuhi wanashika bei ya kufungia ya jana usiku, kisha wanapunguza kidogo kama tahadhari ya kitakachotokea New York ikifungua. Bei ikiwa imetulia, tahadhari hiyo ni ndogo. Siku ambazo bei inaruka ruka, tahadhari inakua, na anayeilipia ni muuzaji. Ndiyo maana siku ya msukosuko mnada unaweza kuonekana umedorora hata kama New York ya jana ilipanda.

La pili nataka nilieleze taratibu, kaka, kwa sababu wasiwasi wako una msingi.

Wazo la kijana si uongo. Linaitwa kinga ya bei, na wasafirishaji wakubwa wanaishi nalo. Chukua msafirishaji mwenye kontena 8. Kontena la futi 20 hubeba magunia kama 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2. Nane ni tani 153.6, karibu sawa kabisa na loti 9. Anauza loti 9 za Desemba New York. Bei ikishuka senti 30, kahawa yake ya ghalani imepoteza thamani, lakini mikataba 9, aliyoiuza juu na sasa anaweza kuinunua tena chini, imemwingizia 30 × 375 × 9, dola 101,250. Akishauza kahawa yenyewe ananunua loti 9 kurudisha, na hesabu imefungwa.

Balaa liko upande wa pili. Bei ikipanda senti 10, mikataba ile 9 inadai dola 33,750, na inazidai taslimu. Kila siku baada ya kufunga, soko hukokotoa faida na hasara kwa bei ya kufungia. Mwenye hasara hupigiwa simu na wakala wake aongeze fedha kwenye dhamana (fedha anayoiweka kwa wakala kama rehani ya mikataba yake), mara nyingi ndani ya siku moja. "Lakini kahawa yangu ghalani nayo imepanda" ni kweli, ila kahawa ya ghalani hailipi simu hiyo. Usipolipa, wakala anafunga mikataba yako kwa bei iliyopo. Hapo umelipa hasara yote na kinga huna tena. Bei ikigeuka kesho ikashuka, unapigwa mara ya pili.

Msidhani ni nadharia. Januari 2024 arabika ilikuwa chini ya senti 200. Desemba 2024 ilivuka rekodi iliyokaa tangu 1977, na Februari 2025 ilipita senti 400. Aliyeuza loti moja kwa kinga na kuishikilia bei ikapanda senti 200 alitakiwa kutoa dola 75,000 njiani, kwa loti moja tu. Soko lenyewe nalo hupandisha dhamana ya kuanzia wakati bei inaruka, kwa hiyo fedha inadaiwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Makampuni yenye mikopo mikubwa ya benki yalibanwa kipindi kile. Chama cha msingi kisicho na akiba ya dola kitabanwa wiki ya kwanza.

Kuna tatizo la pili ambalo kijana hakulisema: kuuza kabla ya kuvuna. Mvua zikikataa au ugonjwa wa chulebuni ukaingia, ukavuna nusu, nusu iliyobaki ya mikataba haina kahawa nyuma yake. Hiyo si kinga tena. Ni dau.

Njia yenye usalama zaidi, kama kuna mtu wa kuisimamia, ni opsheni ya kuuza. Unalipa ada mara moja, unapata haki ya kuuza kwa bei fulani bila kulazimika. Bei ikishuka unaitumia, ikipanda unaiacha na kinachopotea ni ada tu. Hakuna simu za kuongeza dhamana. Ila ada huwa kubwa wakati soko limechafuka, yaani wakati ule ule kila mtu anapoitaka. Na muda wake unaisha mapema kuliko watu wanavyodhani: opsheni ya Desemba inaisha Ijumaa ya pili ya Novemba. Aliyenunua akitegemea imlinde mpaka Krismasi anabaki mtupu mwezi mzima.

Ushauri wangu, na nausema kwa uzito: chama kisifungue akaunti New York. Loti moja ni tani 17 za safi, ni zaidi ya tani 21 za maganda. Vyama vingi vidogo havifikishi hapo kwa daraja moja. Na kabla dola yoyote haijatoka nchini, benki yenu itawauliza kanuni za fedha za kigeni za Benki Kuu. Elimu hii itumieni mezani, mnapojadiliana na mnunuzi wa moja kwa moja. Huko kuna mkataba ambao nyote mnapaswa kuuelewa vizuri: ule ambao difarenshali inakubaliwa leo na bei ya New York inafungwa baadaye.

Unafanya kazi hivi. Mnaandikiana "Machi, nyongeza senti 15". Kahawa inasafirishwa. Muuzaji ana haki ya kusema siku yoyote "funga leo" na bei ya Machi ya wakati huo inakuwa yake. Mtego ni kwamba haki hiyo ina mwisho: mnunuzi hukutaka ufunge kabla ya siku ya kwanza ya notisi ya mkataba ule, yaani siku wenye mikataba wanapoanza kupewa taarifa ya kupokea kahawa yenyewe. Wauzaji wengi hungoja. Bei ikipanda wanasema itapanda zaidi, ikishuka wanasema itarudi, mpaka siku ya mwisho inafika na wanafungiwa kwa bei yoyote iliyopo. Dawa yake ni kugawa: theluthi moja mfunge siku ya kusaini, theluthi nyingine kwa tarehe mliyoandika kwenye muhtasari wa bodi, ya tatu kwa bei mliyokubaliana au tarehe ya mwisho, lolote litakalotangulia. Iandikwe nani ana mamlaka ya kupiga simu ya kufunga, na saa ngapi, maana kufunga lazima kufanyike soko likiwa wazi.

Ratili_na_Kilo

Naongezea kwenye siku ya kwanza ya notisi, kwa sababu Mzani ameitaja bila tarehe na ndipo watu wanapoumia.

Inahesabiwa siku saba za kazi kurudi nyuma kutoka siku ya kwanza ya kazi ya mwezi wa mkataba. Kwa mkataba wa Desemba inaangukia karibu tarehe 19 hadi 21 Novemba, kwa kuwa kuna sikukuu ya Alhamisi ya nne ndani yake. Ukisubiri 30 Novemba umeshachelewa. Ifikapo wiki ya pili ya Novemba biashara nyingi imeshahamia Machi, na Desemba inabaki na watu wachache, bei inaruka bila sababu ya maana. Programu nyingi za simu zinaendelea kuonyesha Desemba kwa sababu ndiyo mwezi wa karibu, kisha siku moja zinahamia Machi na mchoro unaonyesha bei "imeshuka" au "imepanda" kwa senti kadhaa usiku mmoja. Hakuna kilichotokea sokoni. Mkataba umebadilika. Angalieni kiasi cha biashara kilichoandikwa pembeni ya kila mwezi, mshike mwezi wenye kiasi kikubwa.

Kwa msimu wetu ina maana hii: hadi mwanzoni mwa Novemba tumieni Desemba, baada ya hapo Machi, na kahawa inayobaki kwenye minada ya Februari tumieni Mei.

Saa_Mbuyuni

Na wenye ndugu wanaolima robusta kule Kagera wasitumie ratiba ya New York. Robusta inauzwa London, kwa dola kwa tani, loti ya tani 10, miezi ya Januari, Machi, Mei, Julai, Septemba na Novemba. Ni saa 9:00 asubuhi hadi 5:30 jioni ya London. Kwetu hiyo ni saa 5:00 asubuhi hadi saa 1:30 usiku wakati wa kiangazi chao, na saa 6:00 mchana hadi saa 2:30 usiku wakati wa baridi. Waingereza husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, tofauti na Wamarekani, kwa hiyo kuna wiki mbili au tatu mwezi Machi na wiki moja kuelekea Novemba ambazo masoko haya mawili hayapishani kama kawaida. Kulinganisha na arabika, gawanya dola za tani kwa 22.046 upate senti kwa ratili: dola 4,500 ni senti 204 hivi. London hufunga Jumatatu ya Pasaka.

Kitu kimoja cha kufuatilia kila wiki: ripoti ya tume ya Marekani inayosimamia mikataba hii, CFTC. Hutoka Ijumaa saa 3:30 alasiri ya New York (15:30), kwetu saa 4:30 au 5:30 usiku, ikionyesha hadi Jumanne ya wiki hiyo mifuko ya uwekezaji imenunua kiasi gani na wafanyabiashara wa kahawa wameuza kiasi gani. Mifuko ikiwa imejaa upande mmoja, habari ndogo tu ya mvua Brazil inatosha kuwatoa wote kwa pamoja, na bei inaanguka au kuruka bila uwiano na habari yenyewe.

Kihamba_Uru

Nimeridhika. Kwenye ubao wa ofisi kuanzia kesho tutaandika mistari mitano: tarehe ya kufungia, mwezi wa mkataba, senti kwa ratili, dola kwa kilo 50 baada ya kuzidisha 1.1023, na kiwango cha dola cha benki. Bei wanazokuja nazo watu kwenye simu zao hazitaandikwa ubaoni. Karani aandike saa ngapi?

Saa_Mbuyuni

Asubuhi anapofungua ofisi, bei ya kufungia ya jana. Jumatatu anaandika ya Ijumaa. Siku iliyofuata sikukuu yao, aandike tarehe ya bei yenyewe, asiandike ya leo.

Ratili_na_Kilo

Ongezeni mstari wa sita: asilimia ya ukobozi ya shehena ya mwisho iliyorudi kutoka kiwandani.